Kupima muda wa spidirani kwa haki wakati kila mchezaji ana mashine yake

Wakusanye wachezaji wa spidirani (mbio za kumaliza gemu haraka) wa Uganda na utaona mashine za kila aina. Wa Arua anacheza kwenye PlayStation 2 ya mtumba, wa Kampala ana laptopu yenye emuleta (programu inayoiga konsoli), wa Busia anatumia simu ya Tecno na padi ya Bluetooth. Gemu ni ileile na lengo ni lilelile, kuimaliza kwa muda mfupi kuliko wenzako. Tatizo ni kwamba saa ya kawaida hupima vitu viwili kwa mpigo, ustadi wa mchezaji na kasi ya mashine yake, wala haikuambii kipi ni kipi. Kijana mwenye PS2 iliyochoka ana haki ya kujua kama ameshindwa na mtu au ameshindwa na mashine. Mwongozo huu ni wa yeyote anayesimamia mashindano au anayetunza ubao wa rekodi, awe na wachezaji watano wa mtaa mmoja au hamsini wa wilaya mbalimbali.

Anza na daftari kabla ya saa

Kabla hamjapima chochote, andikeni kila mashine itakayotumika. Jina peke yake halitoshi, kwa sababu PS2 mbili zilizokaa meza moja zinaweza kutofautiana kwa nusu dakika katika gemu moja. Andikeni konsoli ni ya toleo gani, gemu inasomwa kutoka wapi (diski, flashi au diski ngumu), na gemu yenyewe ni ya eneo gani. Kama ni emuleta, andikeni jina lake, namba ya toleo na mipangilio iliyobadilishwa. Kwa simu ongezeni modeli na kasi ya skrini, maana siku hizi zinauzwa za picha 60, za 90 na za 120 kwa sekunde.

Eneo la gemu ndilo wengi hulipuuza, na hapa kwetu ndilo la kuangaliwa mwanzo. Uganda ilifuata mfumo wa televisheni wa PAL, kama Uingereza na sehemu kubwa ya Afrika, kwa hiyo konsoli nyingi za zamani zilizoingia nchini ni za picha 50 kwa sekunde. Za Marekani na Japani ni za NTSC, karibu picha 60, au 59.94 ukitaka usahihi. Biashara ya mitumba imezichanganya, na ukumbi mmoja unaweza kuwa na zote mbili bila mwenyewe kujua. Kwenye gemu za PS2 soma msimbo ulio ubavuni mwa kasha au juu ya diski. Ukianza na SLES au SCES ni PAL. SLUS na SCUS ni Marekani. SLPS, SLPM na SCPS ni Japani. Kama diski ni ya kuchoma na imeandikwa jina kwa kalamu tu, iweke kwenye kompyuta uifungue, utakuta faili ambalo jina lake ndio msimbo huohuo. PCSX2, emuleta ya PS2, nayo huuonyesha kwenye orodha yake ya gemu.

Wapo wanaoamini kwamba konsoli ya Kijapani ikichomekwa kwenye soketi ya Uganda, yenye volti 240 na mizunguko 50, hugeuka kuwa ya picha 50. Haigeuki. Mapigo yake yanatoka kwenye kioo kidogo cha saa kilichomo ndani ya konsoli. Transfoma ya kushusha volti kuwa 100 kazi yake ni kuinusuru mashine isiungue, na kasi ya gemu haiguswi.

Kuna pia nakala zilizochezewa. Nyingine zimetolewa sinema za katikati au muziki ili zienee kwenye diski ndogo, nyingine zimebadilishwa magari, jezi na nyimbo. Nakala isiyo na sinema haishindani na nakala kamili, hata mchezaji awe mwaminifu kiasi gani. Njia ya uhakika ni kutoa namba ya MD5 (kama alama ya kidole ya faili) ya faili la ISO, yaani nakala ya diski nzima, kwa kila mchezaji. Zikifanana, nakala ni ileile hadi baiti ya mwisho. Zisipofanana, mjue kabla ya siku ya mashindano, siyo baada ya mtu kushangilia.

Pimeni mwendo wa gemu mahali ambapo mchezaji hana la kufanya

Hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote, na hakigharimu kitu. Tafuteni kipande cha gemu ambacho mchezaji hawezi kukiharakisha wala kukichelewesha, kama lifti inayopanda yenyewe, mhusika anayedondoka kutoka urefu uleule, au tukio lisilorukika linalochorwa na gemu papo kwa papo. Kirekodini kwenye kila mashine na mhesabu muda wake kwa fremu, yaani picha moja moja za video. Muda ukifanana kote, mwendo wa gemu ni mmoja na mnaweza kuendelea. Ukitofautiana, kuna mashine inayoikimbiza au kuikokota gemu nzima, na hapo hakuna saa itakayowasaidia hadi mjue sababu. Msitumie sinema zilizorekodiwa kama video, kwa kuwa hizo zinaweza kwenda kwa mwendo wake sahihi hata gemu yenyewe ikiwa inajikokota.

Chukua tukio linalokula fremu 3,600. Kwenye mashine ya picha 60 ni dakika moja. Kwenye ya picha 50, kama gemu inahesabu hatua zake kwa fremu na haikurekebishwa, ni sekunde 72. Sonic the Hedgehog ya kwanza ya Mega Drive ni mfano unaojulikana sana: toleo la PAL linaenda polepole, na muziki wake pia. Gemu nyingine zimeandikwa zikiangalia muda halisi uliopita kati ya fremu na fremu, kwa hiyo zinakwenda sawa kwenye 50 na kwenye 60.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na msimamizi anayechukua muda wa PAL, akaugawa kwa 1.2, akafunga mjadala. Ukiugawa hivyo muda wa gemu iliyokwisha kurekebishwa, umempa mchezaji wa PAL zawadi ya dakika kumi kwa kila saa aliyocheza. Na hata gemu isiyorekebishwa haigawanyiki yote, kwa sababu kulodi, yaani kungoja gemu isome data yake, hakufuati fremu. Diski inazunguka kwa kasi yake bila kujali televisheni ni ya mfumo gani. Pimeni kwanza. Gemu nyingi za PS2 za PAL huuliza mwanzoni kama unataka 50 au 60. Ikiwa televisheni inapokea, sharti liwe 60 kwa wote na tatizo limeisha.

Fremu nyingi kupita kiasi nazo zina madhara. Resident Evil 2 iliyotengenezwa upya mwaka 2019 ilipotoka, wachezaji wa kompyuta waligundua kwamba kisu kinaumiza zaidi kadiri fremu kwa sekunde zinavyoongezeka. Wanaocheza kwa 60 na wanaocheza kwa 120 wakawekwa kwenye mbao tofauti. Kwa hiyo kwenye kompyuta wekeni kikomo cha fremu, na namba ya fremu ionekane kwenye kona ya video muda wote.

Kwa upande wa simu wasiwasi ni wa kinyume. Emuleta kwenye simu dhaifu, au kwenye simu nzuri iliyopata moto mchana wa Februari, hushuka chini ya asilimia 100 ya mwendo. Mchezaji anapoteza muda, lakini sehemu ngumu inakuwa rahisi kwa kuwa kila kitu kinamjia taratibu. PPSSPP, emuleta ya PSP (konsoli ya mkononi ya Sony), inaweza kuonyesha asilimia ya mwendo kwenye skrini. Ifanyeni iwe lazima. Mkiona imeshuka kwenye sehemu inayotaka wepesi wa vidole, mbio hiyo isihesabiwe, na mchezaji aelezwe kabla kwamba ndivyo itakavyokuwa.

Msichanganye hilo na konsoli halisi inapolemewa na kazi ya kuchora. Kwenye GoldenEye 007 ya Nintendo 64 wachezaji hodari hukimbia wakiangalia sakafu ili konsoli iwe na kidogo cha kuchora na gemu iende haraka zaidi. Kuijua mashine yako namna hiyo ni ustadi, na haupaswi kukatwa kwenye muda wa mtu.

Kulodi, mahali ambapo haki hupotea zaidi

Kwenye kumbi zetu nyingi za gemu jicho la kusomea diski la PS2 limekufa zamani, na gemu zinasomwa kutoka kwenye flashi kwa programu ya Open PS2 Loader. Watu hudhani flashi ni ya kisasa, kwa hiyo ni ya haraka. Ukweli ni kinyume. Tundu la USB la PS2 ni la kizazi cha 1.1, ambalo kikomo chake ni megabiti 12 kwa sekunde, yaani megabaiti 1.5 hata mambo yakienda vizuri kabisa. Kisomeo cha DVD cha konsoli hiyohiyo ni cha kasi ya mara nne, zaidi ya megabaiti 5 kwa sekunde. Mwenye konsoli nene yenye diski ngumu ndani huenda akawa mbele zaidi. Watu watatu, gemu moja, konsoli ya jina moja, na kila mlango wanaoingia unawatenganisha.

Emuleta zina mambo yake. Kwa kawaida huiga mwendo wa diski ya zamani, lakini karibu kila moja ina swichi ya kuuharakisha. PCSX2 ina usomaji wa haraka wa diski, DuckStation (ya PlayStation ya kwanza) ina kuzidisha kasi ya CD, Dolphin (ya GameCube na Wii) ina kuharakisha diski, na PPSSPP ina mpangilio wa namna ya kusoma ambamo unaweza kuchagua kuiga ucheleweshaji wa UMD, diski ndogo za PSP, au kutouiga. PPSSPP pia hukuruhusu kubadilisha kasi ya kichakato cha PSP inayoigwa. Hakuna ubaya kwa anayecheza kujifurahisha. Kwenye mashindano, sheria iseme swichi zipi zizimwe, na kila mchezaji afungue ukurasa huo wa mipangilio mbele ya kamera kabla hajaanza, bila kukata video.

Pimeni tofauti iliyopo. Chukueni hifadhi moja ya gemu (faili la mahali mlipoishia), ifungueni mara tano kwenye kila mashine, muandike muda wa kila mara na mchague ule wa katikati. Msichukue wastani, kwa kuwa diski yenye mikwaruzo inaweza kukwama mara moja na kuharibu hesabu nzima. Namba hizo tano zitawaambia kama tofauti ni ya kupuuzwa au ni ya kubadilisha mshindi.

Gemu zinazosoma dunia yake huku ukitembea, kama Grand Theft Auto: San Andreas, zinahitaji uangalifu wa pekee. Barabara na majengo yanaletwa kutoka kwenye diski wakati gari linakimbia, bila skrini yoyote ya kulodi. Chombo cha kusomea kikiwa kizito, barabara inachelewa kutokea na dereva analazimika kupunguza mwendo. Huwezi kuukata muda huo kwa kuwa hakuna pa kuanzia kukata. Kwa gemu za aina hiyo mimi huzitenganisha mashine tangu mwanzo.

Mchague saa moja, muiandike

Saa ni tatu, na hakuna iliyo bora kwa kila gemu.

Ya kwanza ni saa iliyomo ndani ya gemu. Mara nyingi haihesabu kulodi, na kwa gemu ya fremu iliyopunguzwa mwendo, saa inayohesabu fremu hupungua mwendo pamoja na gemu, hivyo namba inayotoka inabaki ya haki kwa PAL na NTSC. Doom ya mwaka 1993 huenda kwa mapigo 35 kwa sekunde kwenye kompyuta yoyote iliyoiweza, na ndiyo maana mbio za miaka ya tisini bado zinalinganishwa na za leo. Celeste ina saa yake nzuri na jamii yake huitegemea. Lakini iulizeni maswali kabla ya kuiamini. Je, inasimama ukifungua menyu? Je, ukifa na kurudia hifadhi, muda uliopotea unafutika? Kama unafutika, mtu anaweza kurudia sehemu moja hadi aipate sawasawa na saa isimtoze kitu. Hapo tungeni sheria ya kukataza kurudia hifadhi, au muiache saa hiyo.

Ya pili ni muda halisi, tangu mwanzo hadi mwisho bila kukata. Ni rahisi kuelewa na kila mtu ukumbini anaweza kuifuatilia. Inafaa pale ambapo wote wana mashine ya aina moja inayosoma kutoka chombo cha aina moja. Zaidi ya hapo inampa zawadi mwenye pesa.

Ya tatu ni muda halisi ukiondoa kulodi, na kwa gemu nyingi zinazochezwa kwenye mashine mchanganyiko ndiyo ninayoipendekeza. Kwenye kompyuta programu ya LiveSplit, ambayo ni ya bure, inaweza kusoma kumbukumbu ya gemu na kusimamisha saa kila inapolodi, mradi kuna mtu aliyeandika hati (skripti) ya kuisoma gemu hiyo. Inaonyesha muda halisi na muda wa gemu pamoja. Kwenye konsoli halisi na kwenye simu hamna msaada huo. Mtahesabu kwa macho kutoka kwenye video, na nitaeleza jinsi.

Mkishachagua, muandike pia mwanzo na mwisho. Msianzie kwenye kubonyeza kitufe, kwa sababu kitufe hakionekani kwenye video na kila mashine inachelewa kivyake baada ya kubonyezwa. Anzieni kwenye fremu ya kwanza ambayo mhusika yuko mikononi mwa mchezaji, na malizieni kwenye kitu kinachoonekana mashine zote, kama fremu ambayo adui wa mwisho anaanguka au mhusika anaondoka mikononi mwa mchezaji.

Lugha nayo iandikwe. Maandishi ya Kijapani kwenye The Legend of Zelda: Ocarina of Time hupita haraka kuliko ya Kiingereza, na wakimbiaji wengi wamecheza toleo la Kijapani kwa sababu hiyo. Kama gemu yenu ina mazungumzo mengi, kubalianeni lugha moja, au mruhusu yoyote huku kila mmoja akijua faida iko wapi.

Video inayoweza kuhesabika

Kwenye laptopu rekodini kwa OBS Studio, ya bure pia, kwa fremu 60 zisizobadilika. Kwa konsoli mnahitaji kadi ya kunasa video. Kama hamna, simu iliyosimamishwa kwenye kigoda mbele ya televisheni inatosha, mradi skrini yote inaonekana na simu haiguswi.

Virekodi vya skrini vya Android ndivyo vinavyowaponza wengi. Vingi huandika fremu mpya pale tu picha inapobadilika, kwa hiyo video ina fremu 60 kwenye sekunde moja na 22 kwenye nyingine. Ukihesabu fremu na kugawa kwa 60, unapata muda usio na maana, na kwa kawaida ni mfupi kuliko ukweli, kwa sababu fremu zinazokosekana hazikuhesabiwa. Kabla ya kuhesabu pitisheni faili kwenye programu ya HandBrake, mchague kasi ya fremu isiyobadilika na namba 60. Programu itajaza fremu zilizokosekana kwa kurudia zilizopo, na muda utabaki ulivyokuwa.

Angalieni pia faili lenyewe linasema 60 au 59.94. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ukigawa kwa 60 fremu za video ya 59.94, mbio ya dakika 20 inapungukiwa na sekunde 1.2. Nimeona mbao ambazo nafasi ya kwanza na ya tatu zinatenganishwa na chini ya hapo.

Kutuma video ni gharama, na tangu Julai 2021 kuna kodi ya asilimia 12 juu ya data. Video ya megabiti 6 kwa sekunde inakula megabaiti 45 kwa dakika; mbio ya dakika 20 ni megabaiti 900. Mkishusha hadi megabiti 2.5 inakuwa karibu 375, na kwa gemu za zamani picha bado inasomeka. Mkitumia WhatsApp, tumeni faili kama dokumenti. Likitumwa kama video ya kawaida linabanwa na fremu zinapotea. Mkiliweka YouTube, anayehakiki alitazame kwa 720p au zaidi, kwa kuwa chini ya hapo YouTube haitoi fremu 60. Mhakiki anayebana bando kwa kutazama 360p anaona nusu tu ya fremu, na atatoa hukumu kwa nusu hiyo. Ni afadhali faili lipelekwe kwa flashi na mtu anayesafiri kuliko kuhakikiwa hivyo.

Kuhesabu, kwa mfano mmoja kamili

Tuseme wachezaji wawili wa gemu moja ya PS2, wote kwenye 60. Wa Arua anasoma kutoka flashi, wa Kampala kutoka diski ngumu. Video ya Arua ina fremu 60 kwa sekunde, ya Kampala 30.

Fungua video, isimamishe karibu na mwanzo. Kwenye YouTube kitufe cha nukta kinasogeza mbele fremu moja na cha koma kinarudisha nyuma. Arua anampata mhusika mikononi kwenye fremu ya 1,842 na adui wa mwisho anaanguka kwenye ya 76,497. Toa, unabaki na 74,655. Gawa kwa 60: sekunde 1,244.25, yaani dakika 20 na sekunde 44.25. Kampala anaanza kwenye fremu ya 611 na kumaliza kwenye ya 36,911. Tofauti ni 36,300, gawa kwa 30: sekunde 1,210, yaani dakika 20 na sekunde 10 kamili. Kwa saa ya kawaida Kampala ameshinda kwa sekunde 34.25.

Sasa kulodi. Mhusika anaingia mlangoni, picha inafifia, inakuwa nyeusi, kisha chumba kinatokea taratibu. Wapi panaanza kulodi? Chagueni fremu ya kwanza iliyo nyeusi kabisa, na muishie kwenye fremu ya kwanza inayoonyesha chochote cha chumba kipya. Kufifia kwenyewe msikuguse, maana kunachorwa na gemu na ni kulekule kwa wote. Kwenye video iliyobanwa weusi huwa na madoadoa ya kijivu, kwa hiyo rudisha fremu mbili nyuma na mbili mbele kabla ya kuandika namba. Kazi inachosha. Ifanyeni wawili, kila mmoja na karatasi yake, mlinganishe mwishoni.

Gemu ina milango kumi na mmoja. Arua amelodi kwa jumla ya fremu 4,386, ambazo ni sekunde 73.1. Kampala ni fremu 957, sekunde 31.9. Ondoa. Arua anabaki na sekunde 1,171.15, dakika 19 na sekunde 31.15. Kampala ana 1,178.1, dakika 19 na sekunde 38.1. Mchezaji wa flashi ndiye aliyecheza vizuri zaidi, kwa karibu sekunde saba.

Msitangaze bado. Kila kulodi kuna kingo mbili, na kila kingo unaweza kuikosea kwa fremu moja. Milango kumi na mmoja ina kingo 22. Kwa video ya fremu 60, makosa yote yakielemea upande mmoja ni sekunde 0.37, kwa ya 30 ni 0.73. Jumla ni sekunde 1.1. Sekunde saba zinapita hapo kwa mbali, kwa hiyo Arua ameshinda bila shaka. Zingekuwa nusu sekunde, mimi ningeandika wamelingana, na ningesimama hapo hata kama mtu amenikasirikia. Kuandika milisekunde (sehemu ya elfu ya sekunde) kwenye ubao uliopimwa kwa video ya fremu 30, ambayo fremu yake moja ni milisekunde 33, ni kudai ujuzi ambao video haina.

Lini mtenganishe mbao

Kipimo cha lifti kikitoa mwendo tofauti na hamwezi kuusawazisha, tenganisheni. Gemu ikisoma dunia yake mwendoni na vyombo vya kusomea ni tofauti, tenganisheni. Toleo la simu likiwa na mambo yasiyokuwepo kwenye konsoli, hiyo ni gemu nyingine yenye jina lilelile. San Andreas ya simu, iliyotoka 2013, ina vituo vya kurudia katikati ya misheni ambavyo PS2 haina. Minecraft ya Java na ya Bedrock zina mbao zake tofauti kwa sababu ya namna hiyo. Kwa Super Mario 64 njia ni ya kati: ubao mmoja, lakini kila rekodi ina alama ya konsoli, emuleta au toleo la Wii, na msomaji anaweza kuchuja.

Hofu ya kutenganisha ni kwamba kila ubao utabaki na watu wawili. Naielewa, hasa kwa jamii changa kama zetu. Wekeni ubao mmoja wa jumla kwa ajili ya fahari ya mtaa na alama ya mashine kwenye kila jina, na zawadi zitolewe kwa mashine.

Siku yenyewe

Umeme ukikatika katikati ya mbio, mbio imekufa. Msijaribu kuiunganisha na hifadhi ya mwisho, kwa kuwa mchezaji mwingine hakupata mapumziko hayo. Mpeni aliyekatikiwa nafasi nyingine kamili, na muandike kabla kwamba kila mmoja ana haki hiyo mara ngapi. Kwenye ukumbi wenye jenereta, subirini televisheni na konsoli zikae kwenye umeme mmoja kabla ya kuanza, siyo katikati ya kubadilisha.

Mhakiki asiwe mchezaji wa gemu hiyohiyo kwenye mashine hiyohiyo. Mwamba ngoma huvutia kwake, hata asipokusudia, na kingo za fremu nyeusi zina nafasi ya kutosha ya kuvutia. Karatasi za hesabu zibaki wazi kwa wote: namba ya fremu ya mwanzo, ya mwisho, na ya kila kulodi, ili aliyeshindwa aweze kufungua video mwenyewe na kuzikagua.

Na mkibadilisha sheria ya saa baada ya miezi kadhaa, rudini kwenye video zote za zamani mzipime upya kwa sheria mpya kabla ya kupokea rekodi nyingine. Ambayo video yake imepotea ibaki kwenye ubao wa sheria ya zamani, na tarehe yake.